Viatu Nje ya Pazia

Hata akiwa peke yake chumbani, Mamkubwa hakuwahi kusimama katikati, mbele ya maiki. Alisimama kushoto, bega moja mbele, shingo imeinama kidogo kama mtu anayechungulia dirisha la jirani, na kuliani kwake akaacha nafasi ya kuwatosha watu wawili. Vijana wa studio walimshika mabega kwa adabu wakamrudisha katikati, kama mtu anavyonyoosha picha iliyopinda ukutani. Mmoja wao alibandika hata utepe mwekundu sakafuni. "Mama, miguu ikae hapa." Mamkubwa alikanyaga utepe, akaimba ubeti wa kwanza bila taabu. Ubeti wa pili ulimkuta amekwisha kujisogeza kushoto, na ile nafasi iko wazi tena.

"Mama, hapo unampisha nani?"

"Wenzangu."

"Wako wapi?"

"Wamechelewa."

Vijana walicheka. Nyuma ya kioo, mwanamke aliyekaa mbele ya kompyuta hakucheka, maana yeye aliwajua hao wenzake, angalau kwa picha. Mmoja wao alikuwa mama yake mzazi.

Mwanamke huyo kila mtu alimwita Fundi, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kurekodi na kusafisha sauti za watu, na kwa kuwa wateja wake wengi hawakuwahi kumwuliza jina. Mama yake alifariki yeye hajaota jino. Baba yake alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, naye akapotelea huko huko safarini. Akabaki mikononi mwa Mamkubwa, dada mkubwa wa mama yake, mshonaji wa sare za shule mchana na mwitikiaji wa nyimbo za watu kila alipoitwa. Mamkubwa hakujaliwa mtoto wa tumboni. Mume alikuwa naye zamani, kwa muda mfupi. "Niliolewa kidogo," alipenda kusema, kama mtu anayesema alinyeshewa kidogo.

Kuitikia kulikuwa kazi kamili siku zile. Walikuwa watatu: Mamkubwa, mdogo wake, na rafiki yao waliyemwita Mrefu. Wanamuziki waliwapachika jina la Ukuta. Mwimbaji mkuu aliweza kupayuka, kusahau maneno, hata kulewa, lakini akianguka aliangukia Ukuta, na wimbo haukuvunjika. Walirekodi katika ukumbi mpana uliotandikwa mazulia mpaka kwenye kuta, bendi nzima kwa pamoja, kama watu wanaosukuma gari lililozimika. Mmoja akikosea, wote walirudi mwanzo. Mpiga gitaa mmoja alipiga chafya mwishoni kabisa mwa wimbo, na wenzake hawakusema naye mpaka jua likazama.

Ili ngoma zisiingie katika maiki yao, Ukuta waliimba nyuma ya pazia zito la rangi ya kahawia. Sakafu ya ukumbi ilikuwa ya mbao na ililia kila ilipokanyagwa kwa kisigino, basi walivua viatu, wakavipanga nje ya pazia, wakaingia peku. Kiongozi wa bendi hakuwa na haja ya kuwaita majina. Alitupia macho chini ya pazia, akaona jozi tatu, akasema, "Ukuta umesimama. Twende."

Huko nyuma ya pazia hawakumwona kiongozi wala mkono wake. Walimfuata Mamkubwa, na Mamkubwa aliwaongoza kwa pua. Kabla ya kila mstari alivuta pumzi mara mbili, ya kwanza ndefu, ya pili fupi, kama mtu anayenusa maziwa kuona kama yamechacha. Ile fupi ndiyo iliyosema: sasa. Kisha sauti tatu zilitoka kwa mpigo, hata mtu wa nje asijue nani kaanza. Na mmoja wao akipata mafua, wawili walimbeba. Ndivyo walivyosema, kumbeba: kuimba sehemu yako na kidogo ya yake, kwa sauti yake, ili pengo lisionekane na asitolewe kazini. Kila mmoja aliweza kuwa wenzake wote. Katika nyumba zao walikuwa watu watatu wenye shida tatu. Mbele ya maiki walikuwa kitu kimoja chenye miguu sita.

Halafu ulimwengu ukageuka, taratibu kama mgonjwa anavyogeuka kitandani. Kwanza kilikuja kinanda cha umeme chenye ngoma ndani yake, na mpiga ngoma akaenda kuendesha teksi. Kisha ikaja kompyuta. Ule ukumbi ukakatwa vipande vipande, ukawa vyumba vya maduka, na studio zikahamia vichochoroni, katika vyumba vidogo vilivyozibwa kwa magodoro. "Chumba chote godoro," Mamkubwa alisema mara ya kwanza, "na hakuna anayelala." Mrefu alikuwa amekwisha kumfuata mume wake nchi ya mbali, na kutoka huko hakurudi hata salamu. Mamkubwa akawa anaimba sehemu zote tatu mwenyewe, moja baada ya nyingine, juu ya sauti yake mwenyewe.

Siku moja, akiwa ameimba kiitikio mara moja tu, alisikia kwenye hedifoni, "Asante Mama, tumemaliza."

"Tumemaliza nini? Wimbo una viitikio vinne."

"Hivyo vingine tunanakili. Kompyuta inabandika tu."

"Na mimi?"

"Wewe nenda kapumzike, Mama."

Alifika nyumbani jua bado liko juu, akakaa na mkoba mapajani. Kupumzika kwa mtu ambaye hakuchoka ni adhabu, lakini hilo hakulisema. Alisema tu kwamba vijana wale wana adabu.

Yakaja na mengine. Sauti yake ilinyooshwa na programu hata pale alipoipinda kwa makusudi. "Mnanipiga pasi," alimlalamikia Fundi. "Hata mikunjo ya mshono mnaipiga pasi." Siku nyingine, akiwa dukani, alijisikia redioni akisifu sabuni ambayo hajawahi kuitumia. Kuna mtu alikata "ooo" yake mahali fulani akaibandika pale. Muuza duka alimwona amesimama na unga mkononi, mdomo wazi.

"Vipi, Mama, bei?"

"Hapana. Nimeitwa."

Fundi ndiye aliyekuwa mwisho wa watu waliomwita kwa kweli. Alikuwa ameacha studio za wengine, sasa ana chumba chake cha kazi juu ya duka la betri za magari, na humo alishinda kutwa peke yake. Kazi zilimjia kwa simu: kijana fulani amejirekodi chumbani kwake amejifunika blanketi, mwingine ametuma gitaa kutoka mji mwingine, wa tatu ametuma biti na neno moja, "unganisha." Fundi aliwaunganisha. Katika wimbo walisikika kama watu wanaocheka meza moja, kumbe hawajawahi kuonana, naye hajawahi kumwona hata mmoja wao. Zilipita siku ambazo sauti yake mwenyewe ilitoka mara moja tu, alipomwambia mwenye duka la betri, "Habari za asubuhi." Hakulalamika. Aliyelelewa na mtu mpweke hujifunza upweke kama wengine wanavyojifunza kupika, kwa kutazama tu.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja alichokitaka tangu utotoni, na hakikumtoka. Alitaka kuisikia sauti ya mama yake.

Picha alikuwa nayo: wanawake watatu wamesimama mbele ya gari la bendi, wa katikati, mama yake, amefumba macho kwa jua. Sauti ilikuwamo katika nyimbo kadhaa za zamani ambazo redio ilizikumbuka mara moja moja, lakini ilikuwamo kama chumvi ilivyomo katika mchuzi. Alipokuwa mdogo alibandika sikio kwenye redio na kuuliza, "Mama ni yupi?"

"Yupo humo, kati yetu."

"Mtoe basi, Mamkubwa, nimsikie."

"Sauti si mchele, mwanangu, useme utapepeta."

Ila ulikuwapo wimbo mmoja. Katikati yake bendi ilishuka, Ukuta ukanyamaza, na sauti moja ya kike ikatoka peke yake juu ya gitaa: *Nifungulie, ni mimi, nimerudi.* Mstari huo mmoja tu, kisha ngoma zikaufunika. Kila mtu aliyewahi kuiona ile bendi jukwaani alijua ule ulikuwa mstari wa mama yake Fundi. Majirani walimwambia, "Wimbo ule wewe uliuimba ukiwa tumboni." Mtoto akauchukua kuwa wake. Uliposikika, aliacha chakula, akaikumbatia redio kwa mikono miwili na kuweka shavu pale penye matundu ya spika, na Mamkubwa alitoka nje kuanua nguo, hata kama kambani hapakuwa na nguo.

Ndipo ilipokuja programu mpya. Fundi aliisikia kwa mteja: unaitupia wimbo wowote, hata wa zamani, inakutolea ngoma kivyake, gitaa kivyake, sauti kivyake. Akaipakia. Kwanza aliijaribu kwa nyimbo za watu wengine, kama mtu anayemnywesha dawa jirani kabla ya mtoto wake. Kisha, asubuhi moja mlango umefungwa, aliutupia ule wimbo.

Mstari ulitoka. Ulitoka una maji maji, kama mtu anayeimba ndani ya kisima, umebeba nyuzi za gitaa zilizokataa kung'oka. Fundi aliukalia mpaka mchana. Alitoa mlio wa mkanda wa kurekodia, akatoa vumbi, akatoa kila kilichokwaruza. Na kwa mazoea ya kazi, bila hata kufikiri, alibonyeza pale panapoondoa pumzi. Kwa mafundi wa leo pumzi ni uchafu. Mteja akijisikia anahema, anarudisha kazi. Alipomaliza, sauti ya mwanamke kijana ilisimama peke yake chumbani, kavu na safi, ikasema: *Nifungulie, ni mimi, nimerudi.*

Aliirudia mpaka mtu wa betri akagonga dari kwa fimbo ya ufagio.

Yaliyofuata yalikuwa na haraka ya mtu mwenye furaha ambaye hakuizoea. Alimtafuta mpiga gitaa, akatunga muziki mdogo wa kuizunguka ile sauti, na akaacha mahali wazi kwa mwitikiaji mmoja tu. Kisha akaenda nyumbani, akamkuta Mamkubwa ameinamia cherehani, miwani imeshuka puani, sare za bluu zimejaa kitandani.

"Mamkubwa, nimempepeta."

"Nani?"

"Mama. Nimemtoa. Yuko peke yake, huwezi kuamini. Nataka umwitikie."

Mguu wa Mamkubwa ulisimama juu ya kanyagio. Alikata uzi kwa meno, taratibu, ingawa mkasi ulikuwa pale pale.

"Lini?"

"Kesho."

"Kesho nina sare."

"Sare zitangoja, Mamkubwa. Zimengoja mwaka mzima zikiwa kitambaa."

"Una mdomo kama mama yako," Mamkubwa alisema, akarudi kwenye mshono, na mshono ule ulikwenda upande.

Alikuja kesho yake. Alipanda ngazi za nje akipumzika kila baada ya hatua chache, maana kifua kilikuwa kimeanza kumbana. Mlangoni alivua viatu akavipanga kando ya ukuta, ncha zimeelekea nje, ingawa sakafu ya pale ilikuwa saruji na hakuna aliyemwambia avue. Fundi alimvika hedifoni, akaenda nyuma ya kioo, akamchezea ule mstari peke yake, kwanza bila muziki.

Mamkubwa alisikiliza hadi mwisho.

"Eeh? Ni yeye, sivyo?"

"Ule ni mstari wake," Mamkubwa alisema. "Umeupiga pasi vizuri."

"Tuanze?"

"Anza."

Muziki ulipita, sauti ikaja, *nifungulie,* na Mamkubwa akafungua mdomo akachelewa. Walirudia. Mara hii akawahi. Walirudia tena, akaingia sawasawa lakini akaimba sauti ile ile, juu ya ile ile, kama mtu aliyekanyaga nyayo zake mwenyewe. Fundi hakuwahi kumwona akikosea namna hiyo. Mtu ambaye maisha yake yote aliwaingiza wenzake, leo hakujua aingie wapi.

"Umechoka, Mamkubwa? Nikuletee maji?"

"Sijachoka. Huyu hapumui."

"Nani?"

"Huyu uliyeniwekea. Nitamwitikiaje mtu asiyepumua? Sijui anataka kuanza lini." Alitazama kulia kwake, ile nafasi ya wawili. "Nirudishie pumzi yake, mwanangu. Uisikilize na wewe. Isikilize vizuri."

Ilikuwa kazi ndogo. Hakuna kilichopotea, kompyuta hutunza hata takataka. Fundi alirudi kwenye mstari kama ulivyotoka mwanzo, akaunyanyua ule mwanzo aliokuwa ameukata, akaongeza sauti. Redioni sehemu hii ilikuwa imefunikwa na gitaa miaka yote. Sasa gitaa halikuwapo. Mlio wa mkanda ulipita, mrefu, kama mvua ya mbali. Kisha mtu alivuta pumzi kwa pua. Ndefu. Halafu fupi.

*Nifungulie, ni mimi, nimerudi.*

Fundi alirudisha nyuma akasikiliza tena, ingawa hakuhitaji. Pumzi ile aliijua kabla hajajua kuongea. Ilitangulia kila alipoitwa kula, kila alipokaripiwa, kila sindano ilipotiwa uzi. Mle ndani, nyuma ya kioo, Mamkubwa alikuwa anamtazama.

Alibonyeza kitufe cha kuongea. "Mamkubwa."

"Naam."

"Hii pumzi ni yako."

"Ni yangu."

"Na anayeimba?"

Mamkubwa alivua hedifoni, akazitundika mahali pake kwa uangalifu mkubwa. Bila hizo hakuweza kusikia swali jingine, wala hakulihitaji. "Zima vyombo vyako," alisema mbali na maiki, kwa midomo tu, kioo kikiwa kimeimeza sauti. "Njoo huku ukae."

Hapakuwa na kiti, walikaa sakafuni, migongo kwenye magodoro. Chumba kilichozibwa hakina mwangwi. Maneno yalianguka pale pale yalipotoka.

"Asubuhi ya kurekodi," Mamkubwa alisema, "wewe uliamua kuja. Hukuuliza mtu. Nilimpeleka mama yako hospitali, tukasimama kwenye korido, yeye ameshika ukuta. Uchungu ukija ananyamaza, ukipita ananifundisha mstari. 'Dada, mwisho usiupandishe. Ushushe, kama mtu anayetua ndoo ya maji hataki kumwaga.' Nikamwambia, we zaa kwanza, nyimbo baadaye. Akasema, 'Mtoto atangoja. Bendi haingoji.'"

Fundi hakucheka, ingawa Mamkubwa alimwachia nafasi ya kucheka.

"Kulikuwa na msichana mwingine anautaka ule mstari. Kiongozi wa bendi alikuwa amekwisha kumsikiliza. Mama yako angekosa siku ile, angekuwa amekosa kabisa. Basi alivua viatu vyake pale koridoni, akanipa. Viatu vyeupe, vya kamba. Nikavitia mkobani. Nikaenda, nikavipanga nje ya pazia kati ya vyangu na vya Mrefu. Mzee akaja, akatazama chini, akaona jozi tatu. 'Ukuta umesimama. Twende.' Mimi na Mrefu tukamwimbia. Mstari ulipofika nikafumba macho, nikautua kama alivyosema. Mzee akapiga makofi, akasema, 'Leo mdogo mtu ameimba.' Mrefu akauma leso asicheke."

"Halafu?"

"Halafu nikakimbia kumrudishia viatu. Nikakukuta wewe. Yeye alikuwa na homa, lakini akaniuliza, 'Nimeimbaje?' Nikamwambia, umeimba vizuri sana." Mamkubwa alipitisha kiganja juu ya goti lake, akiunyoosha mkunjo ambao haukuwapo. "Hakusimama tena nyuma ya pazia lile. Alikuwa anajiuguza, anapata nafuu, anarudi kitandani. Hukuwa umeota jino."

Chini, mtu wa betri alikuwa akibishana na mteja, lakini hapo hapakusikika hata neno.

"Miaka yote hii," Fundi alisema, "umeniacha naikumbatia redio."

"Ungekuwa wewe ungefanyaje? Mtoto amekumbatia kitu kwa mikono miwili, amekiwekea na shavu. Ningekunyang'anya?"

"Nilipokua ungeniambia."

"Ulipokua uliacha kuuliza. Watu wazima hawaulizi. Wanajua."

"Na leo kwa nini?"

"Kumbeba nilimbeba, mwanangu, na ningembeba tena. Lakini leo umeniambia nimwitikie. Nisimame pale nijiitikie mwenyewe, halafu nikuangalie nikwambie ni yeye? Huo sasa si kubeba. Huo ni mzaha, na mzaha wenyewe na maiti."

Fundi alilia kidogo, kwa namna ya watu wanaoshinda na mashine, bila sauti. Hakujua analilia nini hasa. Mtu aliyempata juzi alikuwa amempoteza leo, na yule aliyekuwa ameketi ubavuni pake amekuwa akimwimbia tangu siku ya kuzaliwa bila kutajwa.

Siku zilizofuata alijaribu nyimbo nyingine, zile ambazo mama yake aliimba kweli. Aliitupia programu viitikio vyote vya Ukuta alivyoweza kupata. Programu ilitoa ngoma, ikatoa magitaa, ikamtoa mwimbaji mkuu na ulevi wake, na mwisho ikamletea wale wanawake watatu wakiwa bonge moja. Akakata, akabadilisha, akaomba msaada kwa mafundi wenzake asiowajua. Bonge lilibaki bonge. Wale watatu walikuwa wamejifunza kutosikika mmoja mmoja, na walijifunza vizuri mno. Alimwambia Mamkubwa, "Yumo, ila hatoki."

"Mwache," Mamkubwa alisema. "Hayuko peke yake humo."

Waliurekodi ule wimbo mdogo hata hivyo, upya. Mamkubwa aliimba mstari wa mdogo wake kama alivyofundishwa koridoni, kwa sauti yake ya sasa, yenye mikwaruzo, na mwisho akautua chini bila kumwaga tone. Fundi hakuipiga pasi. Hakumsogeza katikati. Ule upande wa kulia ambao haukuwa na mtu aliuacha vile vile, na zile pumzi mbili aliziacha, ndefu na fupi. Kijana mmoja aliyetumiwa wimbo huo alijibu kwamba ni mzuri sana, ila mwanzoni kuna mtu anavuta kamasi, bora iondolewe. Fundi alimsomea Mamkubwa, na Mamkubwa alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka kicheko kikasahaulika.

Kifua hakikumwachia tena. Kwanza aliacha ngazi, kisha cherehani, kisha akaacha hata kukaa. Sauti ilipungua ikawa mnong'ono, naye aliutumia kwa uchache, kama mtu mwenye kibiriti chenye njiti za mwisho. Fundi alihamisha kompyuta yake akaiweka chumba cha pili, akawa anawaunganisha wale vijana wake wasioonana huku sikio moja liko mlangoni. Majirani waliingia na kutoka. Mchana, watu wakiwa makazini, nyumba ilibaki na milio miwili tu: feni, na ile pumzi, ambayo sasa ilikuwa ndefu peke yake. Ile fupi ilikuwa haiji.

Adhuhuri moja alimpelekea uji, akamkuta yu macho. Mamkubwa alikuwa amelala ukingoni kabisa mwa kitanda, upande wa kushoto, ubavu, kana kwamba kitanda kile kipana kilikuwa na wageni. Fundi aliogopa ataanguka. Aliweka bakuli chini, akavua viatu bila kujua kwa nini, akapanda kitandani akakaa pale katikati palipokuwa wazi, ili amshike mkono. Akamwekea ule wimbo kwenye simu, kwa sauti ya chini. Walisikiliza. Ulipokaribia ule mstari, vidole vya Mamkubwa vilimkaza, na macho yake yalihama kutoka usoni kwa Fundi, yakashuka mpaka pale kwenye shuka alipokuwa ameketi.

"Sogea kidogo, mwanangu," alinong'ona. "Hapo umekaa pa mama yako."